Boti ya kwanza ya moteri: pima mwalo wako kabla ya kupima mfuko wako

Leo tuongee jambo ambalo wengi wetu tunaulizwa kila mara, sababu watu wanafikiri mtu mwenye diplome anajua kila kitu: "Tumechanga pesa, tunataka kununua boti ya moteri. Tununue gani?"

Jibu langu ni moja, na nilililipia. Usianze na moteri. Usianze na boti. Anza na maji ya mwalo wako, na uyapime katika mwezi wake mbaya kabisa.

Nitaeleza namna nilivyojifunza. Tulikuwa watu sita, tumemaliza chuo, kazi ya biro hakuna. Tukasema: ziwa Tanganyika liko mbele yetu, watu wanasafiri kila siku, samaki na unga vinasafiri kila siku, tununue boti. Tukachanga. Wengine walikopa, mmoja akauza shamba la baba yake. Tukapata boti nzuri ya mbao, nzito, yenye tumbo la kuchongoka kwa chini, na moteri ya farasi 40. Ilikuwa mwezi wa tano. Ziwa lilikuwa limejaa. Tukajenga gati dogo la mbao, na pale mwisho wa gati tukashusha kamba yenye jiwe: maji sentimita 130. Tukafurahi. Boti ilikuja mpaka gatini, mama anapanda na kikapu chake bila kulowesha nguo.

Mwezi wa tisa boti ikaanza kugusa chini. Mwezi wa kumi, pale pale mwisho wa gati, kamba ilionyesha sentimita 50. Boti ikawa inasimama mita 30 mbele ya gati, na abiria wanashuka kwa maji, wengine wanabebwa mgongoni na vijana wanaodai franka zao kila safari. Siku moja mama mwenye mtoto alianguka na yule aliyembeba. Mtoto tulimtoa haraka, alikohoa tu, lakini toka siku ile wamama walihamia kwa boti ya jirani. Siku nyingine moteri iligonga kisiki na elisi ikavunjika.

Muzee mmoja mvuvi, ambaye hajawahi kuingia chuo hata siku moja, alikuja akaangalia, akatuuliza: "Batoto, mulipima maji ya mwezi gani?"

Njo hapo tulielewa.

Maji yanayopanda na kushuka

Ndugu zetu wanaoishi Dar es Salaam, Mombasa ao Zanzibar wanajua jambo hili vizuri kuliko sisi. Bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni karibu saa 12 na dakika 25. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo ao mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pale Zanzibar inaweza kufika karibu mita 4. Mtu akifunga boti pahali pa kina kifupi, saa sita baadaye anaikuta imelala ubavu juu ya matope. Hata Congo yetu ina bahari kidogo, pale Muanda na Banana, na huko pia maji yanakuja na kurudi kila siku. Kwa hiyo mtu wa pwani hanunui boti bila kujua maji ya mwalo wake yanashuka mpaka wapi.

Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Mwezi unalivuta pia, lakini ziwa ni dogo kuliko bahari, mvuto ule unaleta badiliko ndogo sana ambalo jicho halioni. Sisi tunadanganyika hapo. Tunafikiri maji yetu yamesimama, kumbe yanapanda na kushuka mara moja kwa mwaka. Mvua inaanza kuyainua mwisho wa mwaka, yanafika juu karibu mwezi wa nne na wa tano, kisha kiangazi na jua vinayashusha mpaka mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Tofauti ya kawaida ni karibu sentimita 80. Ni kidogo? Kwa boti kubwa ya kizimbani ni kidogo. Kwa mwalo wetu, sentimita 80 njo maisha yote ya biashara.

Tena kuna miaka na miaka. Maji ya Tanganyika yanatoka kwa njia moja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga uliziba kwa mchanga na majani, ziwa likapanda sana. Karibu mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi, na kabla karne ile kuisha ziwa lilishuka karibu mita 10. Siku zetu hizi tumeona kinyume: 2021, kisha 2024, maji yaliingia ndani ya nyumba Uvira, Kalemie na hata Bujumbura. Kwa hiyo mtu anayejenga gati na kununua boti katika mwaka wa maji mengi, akifikiri ziwa litabaki hapo, anajenga juu ya ahadi ambayo ziwa halikutoa.

Na kuna ujanja mmoja wa ufuko. Mahali pengi, sehemu ya juu ya ufuko inainama haraka, lakini chini yake kuna uwanda wa matope ao mchanga uliolala. Maji yakijaa, boti inafika karibu na nchi kavu. Maji yakishuka yanarudi kwenye uwanda ule, na kila sentimita inayopotea inakusukuma mbali. Kama chini inashuka mita 1 kwa kila mita 50, basi ukikosa sentimita 60 za maji unasogea mita 30. Hesabu ya darasa la sita. Sisi sita wenye diplome hatukuifanya.

Namna ya kupima mwalo

Kabla ya kuonana na muuzaji yeyote, fanya hivi.

Kwanza, chukua mti ulionyooka, uutie alama kila sentimita 10, uusimike pale unataka boti ifike. Uandike kipimo kila wiki. Kama unaweza kungoja mwaka mzima, ngoja. Kama huwezi, pima leo, kisha utafute tofauti kati ya leo na mwezi wa kumi.

Pili, uliza wazee na wamama wanaoosha vyombo pale. Usiulize "maji yanashuka sana?" Uliza: "Kiangazi kikali, mulikuwa munasimama wapi na bwato?" Watakuonyesha kwa kidole. Angalia pia mistari ya maji kwenye mawe na kuta.

Tatu, ingia kwa miguu wakati maji ni kidogo, tembea njia yote boti itapita. Tafuta mawe, visiki, nguzo za nyavu za zamani. Miaka hii ya mafuriko kuna kuta za nyumba na miti iliyobaki chini ya maji. Weka alama juu yake.

Nne, angalia mawimbi. Kiangazi upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, na wimbi linapoinua boti linaiangusha pia. Maji ya sentimita 60 yenye mawimbi si sentimita 60: boti inapoangukia kati ya mawimbi mawili, maji yaliyobaki chini yake ni kidogo zaidi.

Ukimaliza utakuwa na namba moja: kina cha chini kabisa. Namba ile uiandike kwenye karatasi, uitie mfukoni, uende nayo sokoni.

Boti inaingia majini kiasi gani?

Muuzaji atakwambia urefu wa boti na nguvu ya moteri. Wewe uliza jambo lingine: ikijaa watu na mizigo, inazama sentimita ngapi?

Hesabu yake si ngumu. Tuseme boti ya tumbo bapa, urefu mita 7, upana mita 1 na nusu. Mbele inachongoka, kwa hiyo eneo linalokaa juu ya maji ni karibu mita 7 na nusu za mraba. Sentimita moja ya maji juu ya eneo hilo ni lita 75, na lita 75 za maji ya ziwa ni kilo 75. Basi kila kilo 75, ni kusema mtu mmoja na kamfuko kake, inashusha boti ile sentimita 1.

Sasa jumlisha. Boti yenyewe, moteri, esanse na mwendeshaji: kilo 450, sentimita 6. Abiria wanane: sentimita 8. Mizigo ya kilo 300: sentimita 4. Jumla sentimita 18. Lakini moteri ya nyuma inashuka chini ya tumbo la boti, na elisi yake pamoja na ule mguu wa chuma vinachukua sentimita 30 hadi 40. Tuseme 35. Tumefika 53. Ongeza 25 za usalama juu ya mawimbi na mawe: karibu sentimita 80.

Boti yetu ya kwanza, ile nzito ya kuchongoka, ikijaa ilizama sentimita 45. Moteri 40. Usalama 25. Jumla 110. Mwezi wa tano tulikuwa na 130, tukapita. Mwezi wa kumi tulikuwa na 50. Hakuna uchawi hapo, hakuna jirani mwenye wivu, ni kujumlisha tu.

Na ile boti bapa ya sentimita 80 ingefanya nini katika maji ya 50? Ingeinua moteri. Bila moteri chini, inahitaji 18 na 25, yaani sentimita 43. Ingeingia pole pole kwa kasia ao kwa upondo mpaka gatini. Tofauti kati ya boti inayofanya kazi miezi sita na ile inayofanya kazi mwaka mzima ni hiyo.

Tumbo bapa lina mabaya yake

Nisiwadanganye. Boti bapa inapiga mawimbi kwa tumbo, inachosha mgongo, na upepo unaisukuma kando. Tanganyika si bwawa la samaki: lina urefu wa karibu kilomita 670, upana wa kilomita 50 mahali pengi, na dhoruba yake inaamka haraka. Kwa hiyo kwa boti ya kwanza ya mwalo wa kina kifupi, tafuta yenye mbele iliyoinuka na kuchongoka kiasi ili ikate wimbi, na nyuma bapa ili isizame sana. Boti ya namna hiyo ni ya kufuata ufuko, kijiji kwa kijiji. Si ya kuvuka kwenda Kigoma usiku. Anayetaka kuvuka anunue boti nyingine, na atafute mwalo mwingine wenye kina.

Kuhusu kitu ilichotengenezwa nacho: mbao ni nzito na inakunywa maji, lakini fundi wa kuitengeneza yuko kila kijiji. Faiba ni nyepesi, lakini ikiburuzwa juu ya mawe inachanika na inataka dawa zake maalum. Aluminiamu ni nyepesi na inavumilia kuburuzwa, lakini si kila mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuichomelea. Chuma ni kizito na kinapata kutu. Kwa mwalo wa kina kifupi, uzito njo adui. Lakini boti ambayo hakuna mtu karibu anaweza kuitengeneza ni adui pia. Uliza mafundi kwanza.

Moteri: kubwa si bora

Vijana tunapenda namba kubwa. Lakini moteri ya farasi 40 ina uzito wa kilo 70 na kitu, zote zimekaa nyuma ya boti. Ile ya 15 ni karibu nusu ya hapo. Uzito wa nyuma unashusha nyuma, na nyuma ndiko elisi iko. Tena esanse: ukifungua gesi yote, moteri ya 15 ya aina ya kuchanganya mafuta inakunywa karibu lita 6 ao 7 kwa saa, na ile ya 40 karibu mara tatu ya hapo. Kwa boti yetu ya mfano, farasi 15 zinaisukuma polepole lakini zinafika, na 25 zinatosha vizuri.

Angalia urefu wa mguu wa moteri. Kuna mfupi kwa boti ambayo ubao wa nyuma una karibu sentimita 38, na kuna mrefu kwa ubao wa karibu sentimita 51. Ukiweka mguu mrefu kwa ubao mfupi, umejiongezea sentimita 13 za kugonga mawe bila faida yoyote. Ukiweka mfupi kwa ubao mrefu, elisi itameza hewa. Pima ubao kwa mita kabla ya kulipa.

Hakikisha moteri inainuka kirahisi na kubaki juu. Nyingi zina pia nafasi ya katikati, ya kutembea polepole kwenye maji mafupi. Lakini hata hapo, ile midomo inayovuta maji ya kupoza lazima ibaki chini ya maji. Angalia kile kijimkondo kinachotoka nyuma ya moteri: kikikatika, zima. Matope na mchanga vinaua pompi ya maji, na moteri isiyopozwa inaungua. Kwa mita za mwisho, tumia upondo. Si aibu.

Kuhusu moteri ya mazutu iliyofungwa ndani ya boti: inakula kidogo na inaishi sana, lakini elisi yake iko chini ya tumbo na haiinuki. Ni ya port yenye kina.

Jambo moja zaidi kwa ndugu wa Goma na Bukavu: moteri inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila mita 1000 za mwinuko. Tanganyika iko karibu mita 770, Kivu karibu 1460. Moteri iliyokuvutia Mombasa haitakuwa na nguvu ile ile Kivu. Lakini dawa ya kawaida ni kubadilisha elisi, si kukimbilia moteri kubwa.

Mstari wa rangi

Nimeacha jambo kubwa kwa mwisho. Hesabu ile ya sentimita haituambii kina tu, inatuambia pia idadi ya watu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na kufika Kituku, Goma, watu wa ufukoni wakiona kwa macho. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Watu makumi walikufa. Hawakufia katikati ya ziwa, walifia mbele ya mwalo.

Kwa hiyo boti yako ikiwa majini, ipakie kiasi ulichohesabu, kisha ufundi apige mstari wa rangi nyekundu pale maji yanafika. Hakikisha juu ya mstari umebaki ubavu mkavu wa kutosha, sentimita 30 ao zaidi. Mstari ukizama, mtu anashuka, hata kama ni shemeji wa chef. Na jile za kuokolea ziwe nyingi kama watu, zivaliwe, zisifungiwe chini ya kiti. Weka pesa zake ndani ya bei ya boti tangu siku ya kwanza, pamoja na elisi ya akiba, kasia mbili, upondo, nanga na kopo la kutolea maji. Kama pesa hazitoshi kwa vyote hivyo, basi bado hazijatosha kwa boti. Nunua moteri ndogo.

Sisi tuliuza ile boti ya kwanza kwa hasara. Wawili walitoka kwenye kikundi, na yule aliyeuza shamba la baba yake bado hatujamaliza kumrudishia. Wanne waliobaki tulinunua boti bapa, fupi, na moteri ya 25. Haina sura. Vijana wa jirani wanaicheka wakati wa mvua, maji yakiwa mengi na kila boti ikifika gatini.

Mwezi wa kumi uliopita nilimkuta yule muzee amekaa kwenye gati letu, miguu yake inaning'inia. Boti ilikuwa imefungwa pale pale, mama mmoja anapanda na kikapu chake. Nikamuuliza kama sasa tumejua. Akacheka, akasema: "Munaanza. Lakini ule mti wenu wa kupimia, musiutoe. Ziwa halijamaliza kusema."

Mwenye rafiki anayetaka kununua boti mwezi wa tano, amsomee hii kwanza.